Tone la Al-Hail

Tone moja, kimya. Tone jingine.
Linatoka kati ya mota na pampu,
si kwenye bomba, kama alivyoapa Bi Thuweiba.

Nafungua boliti nne. Chumvi imeganda
kama ukoko wa wali.
Sili ni pete mbili, kaboni na kauri,
uso kwa uso, springi ikizibana zisiachane.
Kauri imepasuka.

"Julai mlikuwa wapi?"
"Salala, tulifuata mvua."

Huku nyuma bwawa likashuka,
pampu ikanywa hewa,
ikaungua kwa kiu ubavuni mwa maji.

Mpya naishika kwa kitambaa;
kidole kina mafuta, huitia doa.
Bismillahi. Nawasha.

Jua hili hukausha ushahidi,
basi natandika gazeti chini,
nachuchumaa,
nasoma bei za ngamia
nikingoja zilowe.