Shingo Upande

Swansea, saa tisa usiku.
Ngazi ya kusafishia madirisha imemtupa Feruzi;
amelala chali, kichwa katikati ya mito ya mchanga.

Daktari Prosser achora nyuma ya risiti:
mfupa wa tano, umeteleza,
na ubavuni mwake mshipa
uliochanika kwa ndani, kama bitana ya koti.

"Tukiipa wepesi damu, kisu kitaimwaga.
Tukiiacha nzito, itaganda,
ipande kichwani."
Basi uti uvutwe kwanza, kwa mawe ya mizani,
dawa tone kwa tone,
skrubu Alhamisi.

Nikatia sahihi shingo upande,
neno likanichoma:
ya kwake haina upande.

"Usigeuke," nikamwambia.
Akanifuata kwa macho mpaka mboni zikagota pembeni,
akauliza
kama ile ndoo ya watu nimeirudisha.