Hujaondoka, Mwalimu?

Wameniaga tangu mwezi wa sita.
Pilau ilipikwa uani kwa mama Nang'olo,
mkuu wa shule alisema maneno, akayarudia,
Fidea wa Kidato cha Pili alilia mpaka kamasi,
nami nikawaahidi picha za theluji.

Sasa ni Agosti. Nipo Newala.
Nanunua nyanya kwa kuzungukia nyuma ya ghala la korosho
nisikutane na walionichangia,
lakini mji wetu una njia chache na macho mengi.
"Mwalimu! Hujaondoka tu?"
"Bado," nasema. "Karatasi."
Wananipa pole kama ya mgonjwa.
Likwata wa duka la mbolea aliniuliza
kama mchango huwa unarudishwa.
Akacheka. Nikacheka.
Nyanya zikanielemea mkononi.

Kila Jumatatu nasimama karibu na tenki la maji,
pale penye mtandao, nasoma jibu lilelile:
Ombi lako linashughulikiwa.
Miaka kumi na moja nimefundisha kauli ya kutendwa.
Chakula kimeliwa, ng'ombe ameibwa;
mtendaji, niliwaambia watoto, mwacheni nje,
sentensi haitaanguka.
Sikujua kuwa siku moja ataachwa nje
na pasipoti yangu mkononi.
Linashughulikiwa na nani?
Ameshakunywa chai? Meza yake ina dirisha?
Faili langu limelalia la nani?

Kule Dar walitaka vidole vyote kumi.
Cha shahada kilikataa mara tatu.
"Mama, wewe huna mistari," alisema binti wa mashine.
Chaki, nikamwambia. Chaki imeila.
Nikakipangusa kwenye sketi, nikakibonyeza tena
taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Sanduku lipo mlangoni, nalipita kwa ubavu.
Kwanza nilitoa kandambili, maana kuoga ni lazima.
Kisha taulo.
Kisha kilo mbili za korosho za kuwapelekea wenyeji,
ambazo leo hazijai kikombe:
usiku ni mrefu, na meno ninayo.
Wiki hii ukungu ulipopanda kutoka bondeni
nikatoa na sweta. Sweta la ng'ambo, zito, la kijivu.
Nikalivaa kwenda kuchota maji.
Lilinitosha.

Nikiwa nalo mwilini nikaenda mpaka Shimo la Mungu,
pale ardhi inapokatika bila kuaga.
Chini kabisa, Ruvuma, uzi wa mchanga na maji,
na baada ya uzi, Msumbiji:
miti ileile, moshi uleule wa mtu anayechoma shamba.
Huko nako tunakuita ng'ambo.
Bibi yangu Nambunga alivuka kutoka huko
na jembe, na mtoto mgongoni ambaye ndiye mama yangu.
Hakuulizwa taarifa ya benki ya miezi sita.
Aliulizwa, umekula?
Sisemi ilikuwa rahisi. Alikuwa anakimbia.
Mimi sikimbii kitu, nakwenda kufundisha watu wazima
kusema "hodi" na kungoja "karibu".
Pengine ndiyo maana wananitilia shaka.

Asubuhi ya leo Fidea alinikuta njiani,
daftari kwapani, amechelewa.
Hakuniuliza kama sijaondoka.
Aliniuliza, kwa kuwa mwalimu mpya ni wa hesabu
na mtihani ni kesho,
tofauti ya sikuondoka na sijaondoka.

Nikaweka ndoo chini.
Sikuondoka, nikamwambia, mlango umeshafungwa,
watu wamelala.
Sijaondoka, mtu bado ameshika kitasa.

"Ameshika kwa muda gani, mwalimu?"

Hilo halipo kwenye mtaala, nikasema.
Akaandika kitasa kwenye kiganja kwa kalamu ya wino,
akakimbilia kengele.