Nyuma ya Sikio

Kaa hapa, Ndeshi. Vua hereni moja, ya kulia.
Umeteremka toka Kiboriloni na picha kwenye simu,
shavu la mtu mwingine, laini kama yai lililomenywa,
nawe unaniuliza kama itauma.

Itauma. Kama mafuta ya maandazi yakirukia mkono,
tone kwa tone, na chumba kitanuka
manyoya ya kuku juu ya moto.
Lakini hilo si swali.

Swali ni jua la saa sita pale stendi
na kofia ambayo utaona haya kuivaa.
Swali ni kucha zako, siku ya nne,
ngozi ikibanduka kama ganda la kitunguu
nawe uko peke yako na kioo.

Sendofu lini? Wiki tatu?
Basi ipite kwanza. Daktari hatakubali, nami sitamwomba.
Wiki tatu zinatosha kushona gauni.
Hata mlima leo umejifunika shuka,
na watu wamelipa kuuona.

Na krimu, usinifiche.
Niliisikia ulipofungua mlango:
kopo lisilo na jina, la Mbuyuni.
Sikugombezi. Iache tu, miezi, siyo siku,
ndipo mashine iwashwe.
Nioneshe kovu la chanjo. Halikuvimba? Na la mama yako?

Mimi? Haya, tazama, hapa chini ya poda.
Hili doa sikuzaliwa nalo.
Nilikwenda Arusha, saluni moja ya Kaloleni,
kijana ana leza inayong'aa kuliko gari la wagonjwa
na cheti ukutani.
Nilikisoma nikiwa nimeshalala, shavu linawaka:
kilikuwa cha kozi ya kompyuta.
Ngozi yetu, ukiichoma kwa pupa, hujibu kwa weusi.
Mwaka wa sita huu, bado inanijibu.

Fomu hii hapa. Isome yote,
hata zile herufi za sisimizi kule chini.
Wameandika "matokeo hutofautiana."
Maana yake, hatujui.
Maana yake, mashimo ya chunusi yatapungua kina
na mengine utazeeka nayo.
Atakayekuahidi zaidi ya hapo, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa geuka kidogo, nikunje sikio.
Hapa ndipo bibi zetu humchungulia kichanga
kujua rangi atakayokuja nayo.
Hapa ndipo, ukirudi, tutajaribu kwanza,
alama moja, punje ya muhindi,
kisha tungoje tuone inasemaje.

Leo nachungulia tu.
Krimu haikufika huku.
Njoo na kioo kile kidogo, Ndeshi, shika hivi,
inama.
Unaiona? Bado ipo.