Daftari la Wageni, Pugu

Nilishuka Pugu Kajiungeni na begi moja,
nikafuata kibao kilichoandikwa kwa rangi iliyobaki ya mlango:
KWA PAZI. WAGENI NA WANYAMA. FUNGA GETI.

Bi Kidawa alinipokea na daftari,
lile la kaunta, jalada jeusi, mgongo mwekundu.
Jina. Umetoka wapi. Umekuja lini. Umeondoka lini.
Kabla ya kuandika nikasoma walionitangulia:

Komba, jike. Gunia la mkaa, Gongo la Mboto. Jumatatu. Ijumaa.
Fundi Ngwale na mke mpya. Kigamboni. Ijumaa. Jumapili.
Kakakuona. Buti ya gari, Buguruni. Usiku wa manane. Siku ya tatu.
Hondohondo, bawa moja. Dirisha la benki, Posta. Masika. Bado yupo.

"Daftari ni moja," alisema, "karatasi ghali.
Na mgeni ni mgeni."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilipewa kabla ya chai:
mashimo kumi na mawili, miche ya mkongo,
na Shomari Pazi akinyoosha mistari kwa kamba ya manila.
Mikono yake ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko.
Miaka kumi na tisa alichoma mkaa humuhumu.
"Unakaa wapi mjini?"
"Tandika."
"Basi maharage yako nimeyapika sana."
Akacheka. Mimi nikachimba.

Usiku mvua ilinyesha mara mbili,
mara ya kwanza yenyewe,
mara ya pili majani yalipoikumbuka.
Vyura walibishana kama wapangaji wa nyumba moja
luku inapokata.

Asubuhi Bosi alikuwa juu ya uzio.
Kima wa baa, Sinza; alifundishwa kupiga saluti apewe soda.
Geti la msituni liko wazi tangu mwaka juzi.
Hupanda mpaka tawi la kwanza,
halafu hugeuka kutazama jiko.
Mkono wake ukapapasa kiuno: mnyororo haupo.
Mkono wangu ukapapasa mfuko: mtandao haupo.
Tukatazamana.

Chausiku, binti yao, ndiye anayejaza safu ya mwisho.
"Komba aliondoka hata hakuaga," aliniambia kwa fahari,
"mama akapika pilau."
Mstari wa Bosi umeandikwa kwa penseli, ukafutwa,
ukaandikwa, ukafutwa,
karatasi pale imekonda, unaona meza.
Wangu aliuandika kwa wino, bila kufikiri.

Jumanne, Tandika, nilinunua kisado cha mkaa.
Sikukibeba. Nilikimwaga pale pale chini, taratibu,
nikachambua kipande kimoja kimoja
vidole vikiwa vyeusi, foleni ikinung'unika nyuma yangu.
"We dada, unatafuta nini humo?"
"Mgeni," nikasema,
nikaendelea kutazama.