Simsim, au Ufuta

Magunia mia tatu na ishirini yamelala Malaba
siku ya nne leo, ndani ya kontena la futi ishirini,
nami nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
bahasha ya kaki magotini kama mtoto mwenye homa.

Kitgum tulianza vizuri.
Ankara, nakala tatu. Orodha ya vifurushi, nakala tatu.
Mkaguzi wa mimea alidunga bambo gunia hili, gunia lile,
akamwaga punje kiganjani, akanusa,
akasema hakuna mdudu, akaandika hakuna mdudu.
Wafukizaji walikuja jioni na barakoa zao.
Asubuhi mbayuwayu wawili walikuwa sakafuni, miguu juu.
Hao hawakuingia kwenye karatasi yoyote.

Mama Adoch, mweka hazina wa ushirika,
hajui kusoma ila uzito anaujua.
Aliinyanyua bahasha kwa mkono mmoja:
"Hili ndilo shamba langu?"
"Ndilo, mama. Limo humu, na la jirani yako pia."
Akanirudishia kwa mikono miwili,
kama anayeogopa kumwaga.

Sasa dirisha la tatu.
Afisa Mwachiro, mtu wa Msambweni, Kiswahili chake kimepigwa pasi,
amezitandaza hati zangu kama anayecheza karata peke yake.
"Cheti cha asili kinasema ufuta.
Ankara yako inasema simsim.
Ndani ya kontena, dada, mna nini?"
"Simsim."
"Na ufuta uko wapi?"
"Ni huo huo, mkubwa."
"Karatasi haijui huo huo."

Nikamweleza. Bibi yangu huita nyim.
Sokoni ni simsim. Daftari la shule, ufuta.
Ukiusaga ukawa odii, mtoto wa kwetu hanyamazishwi tena,
hujinyamazia.
Akacheka, akacheka kweli, mpaka jino la dhahabu,
akauchukua muhuri, akaupulizia pumzi,
akaurudisha kwenye kikopo chake.

Wakala wa Mombasa anapiga simu kila saa:
lango la bandari linafungwa Jumamosi usiku,
meli haina shangazi wa kuibembeleza.
Hati ya shehena bado rasimu,
na pale pa jina la bidhaa wameacha nafasi nyeupe,
upana wa kidole.
Naiona hata nikifumba macho.

Basi la usiku hadi Kampala, basi la usiku kurudi.
Ofisini walinitoza kwa kuongeza neno moja,
na neno lenyewe ni *au*.
Herufi mbili! Nilipiga hesabu njiani, karibu na Iganga:
kila herufi imekula gunia moja na robo.
Nitamwambiaje Mama Adoch?
Labda nitamwekea mkononi risiti, aipime.

Ijumaa. Dirisha la tatu. Mwachiro anasoma kwa kidole:
simsim, au ufuta.
Anasoma ankara mpya: simsim, au ufuta.
Anatikisa kichwa, sijui kwa kuridhika au kwa usingizi,
anaugonga muhuri.

Katikati ya wino wa zambarau kuna kitundu cheupe,
chembamba upande mmoja.
Punje ilikuwa imenasa kwenye kidau,
tangu sampuli yangu ya Jumanne, nadhani.
Ameiona. Ameibandua kwa ukucha,
akaitia mdomoni, akatafuna bila kuiita jina.

"Dirisha la nne," akasema.