Pasi

Tukuyu, mvua haina Jumapili.
Shati la Anyosisye nililikausha kwa pasi ya mkaa,
nikipuliza majivu hadi macho yakawasha.

Uwanjani walimlilia: pasi! pasi!
Mchoyo yule, alitoa akishaanguka.
Kidato cha nne alipasi kwa alama moja,
mama akachinja jogoo kana kwamba ni mia.

Halafu ikatoka pasi nyingine, kijitabu cha buluu,
akavuka Kasumulu, kola bado ya moto.

Mwalimu Mwaipopo alisema neno hili ni la Kiingereza.
Labda.
Lakini bibi, asiyejua hata moja la Kizungu,
kila jioni humwombea: arudi, Bwana, pasi na jeraha.

Nami hapa na pasi,
mkaa umeshika vizuri leo,
pasi na shati.