Viatu vya Barazani

Darasa letu lina milango miwili.
Wa bluu, asubuhi, ni Kifaransa cha Madamu Yolande.
Wa manjano, baada ya uji, ni Kiingereza
cha Mwalimu Wanjala, aliyetoka Bungoma na koti la mvua
na bado anashangaa jinsi Bukavu isivyokauka.
Kiswahili hakikupewa mlango.
Kinakaa barazani na viatu,
pamoja nami.

Kazi yangu haina jina kwenye ubao wa ofisi.
Nafuta makamasi. Nafunga kamba.
Namwambia anayebanwa na mkojo aseme haraka,
kwa lugha yoyote, kibofu hakijui sarufi.
Nateremka toka Kadutu saa kumi na moja na nusu,
matope yamenishika kisigino kama mdai,
nafika Muhumba, nayapangusa majanini kabla ya geti.
Minervali ya mtoto mmoja hapa
ni mshahara wangu wa miezi mingapi?
Hesabu hiyo niliianza siku moja nikaiacha,
kama mtu aliyefunua sufuria
akakumbuka ni ya jirani.

Ashuza, miaka minne,
begi kubwa kuliko mgongo.
Tangu Septemba hakusema neno.
Bluu, kimya. Manjano, kimya.
Mama yake alikuja na gari, akauliza
kama lugha mbili si nyingi,
kama kichwa kidogo hakijai na kumwagika, kama bidoni.
Baba yake: ataanza na Kiingereza, mtaona.
Bibi yake kule Walungu, nasikia, alisema
mtoto amefungwa, apelekwe akaombewe.
Madamu aliandika kwenye buletini, wino wa kijani,
mstari mfupi. Nikamwuliza unasema nini.
"Hajazungumza bado," akanisomea.
Hiyo "bado" niliipenda.

Nyumbani nina wangu, Nsimire, darasa la tatu.
Wako sabini na wawili, benchi moja watu watano,
wa mwisho anakaa nusu tako.
Kila jioni ananipekua mfuko wa aproni:
"Mama, leo umeniletea lipi?"
Namletea moja. Juzi kipepeo, kwa njia mbili.
Analitia chini ya ulimi, analala nalo.

Kisha ile Jumanne ya Novemba.
Mvua ilishuka juu ya mabati kama lori linalomwaga kokoto.
Mwalimu Wanjala akapaza sauti, akapaza tena,
akashindwa, akakaa kwenye kiti cha watoto,
magoti masikioni.
Hakuna lugha iliyosikika.
Na Ashuza, barazani, amechuchumaa mbele ya viatu,
midomo inakwenda.

Niliinama kana kwamba natafuta kitambaa.
Alikuwa anahesabu.
Moja ya kwetu, mbili ya bluu,
tatu na nne za manjano, tano ya sokoni,
sita akaiita ndarhu, ya bibi yake wa Walungu,
saba ikamponyoka, akaifuata, akaikamata kwa Kifaransa,
akaendelea hivyo, mpaka hadi mpaka,
bila kuonyesha mtu karatasi.
Kila kiatu alikigusa kisigino.
Mwisho wa safu akakuta kandambili zangu,
moja imeshonwa kwa waya.
Nilidhani ataziruka.
Thelathini na tano.
Thelathini na sita.

Mvua ikakatika ghafla, naye akafunga mdomo.

Sikumwambia Madamu. Labda ilinipasa.
Sijui kama lile lilikuwa langu la kusema.
Jioni Nsimire alitia mkono mfukoni, akautoa mtupu,
akaninunia mpaka bugali likapoa.

Asubuhi niliziosha kandambili kwa sabuni ya nguo,
nikazipanga mwisho wa safu,
vidole vikitazama ukuta kama za wengine,
nikaenda kukoroga uji.